Ibada Isiyokatika na Bei Yake: Uhakiki wa Hifadhi ya Kanisa la Bethel, The Hague, 2018–2019

Ikisiri

Makala haya yanahakiki hifadhi iliyotolewa na Kanisa la Bethel, mjini The Hague, Uholanzi, kwa familia moja yenye asili ya Armenia iliyokuwa ikikabiliwa na amri ya kuondolewa nchini. Kwa siku 96 waumini waliendesha ibada bila kuikatiza, kwa kuwa sheria ya Uholanzi inawazuia maafisa wa dola kuingia mahali pa ibada wakati ibada ikiendelea. Wengi wamelisoma tukio hili kama ushindi wa imani dhidi ya urasimu. Makala yanakubali kwamba ulikuwa ushindi, lakini yanadai kwamba usomaji huo ni nusu. Makubaliano ya kisiasa yaliyoifungulia njia familia hiyo yaliambatana na kufungwa kwa milango mingine, na gharama yake iliwaangukia watu ambao hawakuwahi kuonekana kanisani. Kwa kulinganisha tukio hili na vuguvugu la Tucson, Marekani, na kwa kuzingatia historia ya Maziwa Makuu, makala yanapendekeza kipimo cha kutathmini hifadhi ya kidini: pamoja na kuuliza ni nani aliyeokolewa, iulizwe kanuni ilibadilikaje na ni nani aliyelipa.

1. Utangulizi

Kwa msomaji wa Afrika Mashariki, jina la The Hague huleta kwanza fikra za mahakama na washtakiwa mashuhuri. Ni mara chache mji huo hutajwa kwa sababu ya kanisa la mtaani. Hata hivyo, tarehe 26 Oktoba 2018 wachungaji wa Kanisa la Bethel walianza ibada ambayo haikufikia tamati hadi tarehe 30 Januari 2019. Ndani ya jengo hilo ilikuwa imehifadhiwa familia ya wazazi wawili na watoto watatu, iliyokuwa imeishi Uholanzi kwa takribani miaka tisa. Kesi yao ilikuwa imepanda na kushuka mahakamani: walipopata ushindi, serikali ilikata rufaa, na mwishowe serikali ikashinda.

Kabla ya hapo familia ilikuwa imeomba kunufaika na utaratibu uliojulikana kama msamaha wa watoto. Utaratibu huo uliwahusu watoto waliokaa nchini kwa zaidi ya miaka mitano wakisubiri uamuzi, lakini ulikuwa na sharti gumu: familia ithibitishe kwamba imeshirikiana na serikali katika maandalizi ya kuondoka kwake yenyewe. Aliyetaka kubaki alipaswa kuonyesha kuwa amejitahidi kuondoka. Si ajabu kwamba waombaji wengi walikwama hapo, familia hii ikiwa miongoni mwao.

Tukio hili linastahili kuhakikiwa kama matini yanavyohakikiwa, kwa sababu lilikuwa tendo la lugha tangu mwanzo hadi mwisho. Lililowalinda watu watano ni usomaji wa maandiko, uimbaji, sala na mahubiri yaliyopokezanwa usiku na mchana. Ulinzi huo ungekoma pale tu maneno yangekoma. Kwa hiyo maswali yanayoulizwa kuhusu matini yoyote yanafaa kuulizwa hapa: nani anazungumza, nani anazungumziwa, nani hayumo, na simulizi linamalizikaje.

2. Ibada kama hoja ya kisheria

Sheria ya Uholanzi ya mwaka 1994 kuhusu kuingia katika majengo inaeleza, katika kifungu chake cha 12, kwamba maafisa hawaingii mahali pa ibada wakati ibada ikiendelea, isipokuwa mtu anapokamatwa akitenda kosa papo hapo. Msingi wa kifungu hiki ni kulinda heshima ya ibada. Hakikuandikwa kwa ajili ya waomba hifadhi, wala hakilipi jengo la kanisa kinga ya kudumu. Kinga ipo kwa muda ule tu ambao ibada ipo.

Waumini wa Bethel walikisoma kifungu hicho kwa uangalifu kuliko wengi waliowatangulia. Badala ya kudai kwamba kanisa lina mamlaka yaliyo juu ya dola, walitumia nafasi ambayo dola yenyewe ilikuwa imeiacha wazi. Wachungaji na wahudumu wapatao elfu moja, wa madhehebu mbalimbali na wengine kutoka nchi jirani kama Ujerumani, Ufaransa na Ubelgiji, walipokezana zamu. Hapakuwa na kufuli mlangoni wala mapambano na polisi. Nguvu ya tendo hilo ilikuwa katika utii wake: sheria ilitiiwa kwa ukamilifu kiasi kwamba ilizuia utekelezaji wa amri iliyotolewa kwa mujibu wa sheria nyingine.

Mbinu hii inaeleweka zaidi ikilinganishwa na tukio la Manchester, Uingereza. Huko, raia mmoja wa Sri Lanka aliishi katika Kanisa la Ascension, eneo la Hulme, kwa zaidi ya miaka miwili kuanzia Desemba 1986. Hifadhi ya kanisa ilikuwa imekwisha kufutwa katika sheria ya Uingereza karne nyingi kabla, na ulinzi wake ulitegemea aibu ambayo serikali ingeipata kwa kuvunja mlango wa kanisa. Januari 1989 serikali iliamua kuivumilia aibu hiyo. Polisi waliingia kwa nguvu, na baada ya siku chache mtu huyo alisafirishwa kwao. Aibu ni ngome dhaifu pale mtawala asipoona haya. Waumini wa Bethel waliongeza juu ya aibu hiyo kifungu cha sheria kilichoandikwa.

Hata hivyo, kifungu hicho hakikuipa familia haki yoyote mpya. Kiliipa muda. Katika kila siku iliyonunuliwa kwa ibada, nje ya kanisa ilifanyika kazi nyingine: kukusanya saini, ambazo zilifikia takribani 250,000, kuzungumza na wabunge, na kuvishawishi vyama vyenye misingi ya Kikristo vilivyokuwa serikalini. Ni makosa kuitenganisha madhabahu na siasa katika kulieleza tukio hili. Madhabahu ilikuwa chombo cha kuilazimisha siasa ifikiri upya.

3. Mwomba hifadhi na mgeni

Istilahi za Kiswahili zinasaidia kuona jambo ambalo simulizi za magazeti ya Ulaya hazikulitilia maanani. Neno “hifadhi” hutumika kwa mbuga za wanyama, kwa nyaraka, kwa chakula ghalani na kwa anayeijua Kurani kwa moyo. Katika matumizi yote hayo, kinachohifadhiwa kina thamani na mwenye kuhifadhi ana jukumu. Lakini tunapounda istilahi “mwomba hifadhi”, uzito wote unahamia kwa anayeomba. Thamani yake inakuwa ni jambo la kuthibitishwa, na jukumu la mwenye nyumba linageuka kuwa hiari.

Neno “mgeni” lina mantiki tofauti. Methali isemayo “mgeni njoo, mwenyeji apone” inamtaja mwenyeji kama mnufaika wa ujio wa mgeni. Methali nyingine, “mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe”, inaweka ukomo wa kukirimiwa, lakini papo hapo inafungua mlango wa kushiriki kazi ya nyumba. Anayepewa jembe hafukuzwi. Anaingizwa katika hesabu ya wanaolima. Kwa mujibu wa methali hiyo, miaka tisa ni muda unaopita mbali siku ya tatu. Watoto waliosoma shule za Uholanzi, wakazungumza Kiholanzi na kupanga maisha yao huko, walikuwa wameshika jembe zamani.

Kilichofanywa na Bethel, kwa mtazamo huu, ni kumhamisha mtu kutoka nafasi ya mwomba hadi nafasi ya mgeni. Familia ilikaa katika jengo lilelile ambamo ibada ilifanyika, na waliokuja kuongoza ibada walikuja kwa sababu yao. Nyumba ya sala yenye waumini wa kawaida wa mtaa ilijazwa na watu kutoka kila upande. Mwenyeji alipona.

Lakini uhakiki hauwezi kuishia kwenye sifa. Simulizi la mgeni linahitaji uso, jina na mlango. Familia hii ilikuwa na sifa zote ambazo umma wa Ulaya huzielewa kwa urahisi: watoto, elimu, lugha, miaka mingi ya ujirani. Mwanamume kijana aliyewasili mwezi uliopita, asiye na mtoto wala cheti cha shule, anaweza kuwa na hofu ya kweli kuliko wote, na bado asipate watu elfu moja wa kupokezana zamu kwa ajili yake. Mkataba wa Kimataifa wa Wakimbizi wa mwaka 1951 uliiweka haki ya hifadhi juu ya msingi wa hofu ya mateso. Huruma ya umma huweza kuihamishia juu ya msingi wa kupendeka. Hatari hiyo imo ndani ya kila hifadhi ya kidini inayofanikiwa kwa nguvu ya habari za mtu mmoja au familia moja.

4. Bei ya makubaliano

Tarehe 29 Januari 2019 vyama vinne vya serikali ya muungano vilifikia makubaliano. Maombi ya watoto wapatao 700 yangepitiwa upya kwa sharti lililolegezwa: badala ya kuthibitisha ushirikiano katika kuondoka, ingetosha kwamba familia haikujificha na ilipatikana ilipohitajika. Ilitarajiwa kwamba wengi wao wangekubaliwa. Siku iliyofuata ibada ya Bethel ilihitimishwa, na baadaye mwaka huohuo familia ilipata kibali cha kuishi nchini. Hapa ndipo simulizi nyingi humalizikia.

Makubaliano hayo yalikuwa na upande wa pili. Kwanza, utaratibu wa msamaha wa watoto ulifungwa: baada ya kundi hilo, pasingekuwa na mwingine. Pili, mamlaka ya waziri mdogo mwenye dhamana ya uhamiaji, yaliyomwezesha kutoa kibali kwa mtu ambaye hali yake inasikitisha ingawa hatimizi masharti, yaliondolewa. Kuanzia Mei 2019 uwezo huo, ukiwa umepunguzwa, ulihamishiwa kwa mkuu wa idara ya uhamiaji, na ungetumika katika hatua za ombi la kwanza tu. Tatu, idadi ya wakimbizi ambao Uholanzi ingewapokea kila mwaka kupitia mpango wa makazi mapya wa Shirika la Umoja wa Mataifa la Kuhudumia Wakimbizi ilipunguzwa kutoka 750 hadi 500.

Sehemu ya tatu ndiyo inayopaswa kumshughulisha zaidi msomaji wa ukanda huu. Nafasi za makazi mapya hutolewa kwa watu waliokwisha kutambuliwa kuwa wakimbizi, walioko katika nchi za hifadhi ya kwanza. Nyarugusu, Kakuma, Dadaab na Nakivale ni miongoni mwa mahali ambapo maelfu ya watu husubiri nafasi za aina hiyo kutoka nchi mbalimbali tajiri, na wengine husubiri kwa miaka kuliko familia ya Bethel ilivyosubiri. Watu 250 kwa mwaka walioondolewa katika hesabu ya Uholanzi hawakuwa na kanisa lililowazunguka, kwa kuwa hawakuwa wamefika. Majina yao hayajulikani hata leo, kwani hakuna awezaye kumtaja mtu ambaye hakuchaguliwa.

Si haki kulibebesha Kanisa la Bethel lawama ya bei hiyo. Bei ilipangwa na wanasiasa waliotaka kuonyesha kwamba hawajalegeza msimamo, na waumini hawakuwa mezani. Hata hivyo, umbo la hifadhi yenyewe lilichangia kuificha bei. Simulizi lilikuwa na mwanzo, kilele na mwisho wa furaha, vyote ndani ya jengo moja. Kengele ya mwisho ilipolia, hadhira iliondoka, na vifungu vilivyofuta haki za wasioonekana vikapita katika ukimya. Tendo lililodumu siku 96 bila kunyamaza halikuwa na sauti iliyobaki kwa ajili ya siku ya 97.

5. Tucson na njia ya kanuni

Je, hifadhi ya kidini inaweza kumalizika kwa namna nyingine? Historia ya Marekani inatoa jibu la kiasi. Tarehe 24 Machi 1982, Kanisa la Southside Presbyterian la Tucson, Arizona, lilitangaza hadharani kwamba litawahifadhi wakimbizi kutoka El Salvador na Guatemala. Tarehe hiyo ilikuwa kumbukumbu ya miaka miwili tangu kuuawa kwa Askofu Mkuu Oscar Romero. Serikali ya Marekani wakati huo ilikuwa ikiziunga mkono serikali za nchi hizo mbili, na maombi ya raia wake yalikataliwa karibu yote. Vuguvugu lilienea katika mamia ya makanisa na masinagogi. Viongozi wake walishtakiwa, na mwaka 1986 wanane kati yao walitiwa hatiani, wakapewa adhabu za uangalizi badala ya kifungo.

Kwa kipimo cha habari za siku ile, Tucson ilishindwa pale ambapo Bethel ilishinda. Lakini makanisa na mashirika ya wakimbizi yalikuwa yamefungua pia kesi ya madai mwaka 1985, yakidai kwamba maombi ya Wasalvador na Waguatemala yanaamuliwa kwa kufuata siasa ya nje badala ya sheria. Kesi hiyo ilimalizika kwa suluhu iliyoidhinishwa na mahakama mwaka 1991. Serikali ilikubali kuyasikiliza upya maombi ya raia wote wa nchi hizo waliokuwa wamekataliwa na waliotimiza masharti ya suluhu, wakiwamo ambao hawakuwahi kukanyaga kanisa lolote.

Tofauti kati ya matukio haya haiko katika ukubwa wa imani. Katika Bethel, dai liliwasilishwa kama ombi la huruma, nayo huruma ikajibiwa kwa biashara: hawa waingie, wale wasije. Katika Tucson, dai liliwasilishwa hatimaye kama kasoro ya kanuni, na kanuni ikasahihishwa. Huruma hugawanywa kwa kipimo, na anayeigawa huweza kudai fidia kwingine. Haki ya kusikilizwa haiwezi kutolewa kwa mmoja kwa kumnyang'anya mwingine bila mnyang'anyi kuonekana.

6. Kuta na waumini: historia ya Maziwa Makuu

Katika Maziwa Makuu, mjadala wa kanisa kama mahali pa usalama hauwezi kukwepa mwaka 1994. Wakati wa mauaji ya kimbari dhidi ya Watutsi nchini Rwanda, maelfu walikimbilia makanisani, kwa kuwa katika machafuko ya miaka ya nyuma makanisa yalikuwa yamewanusuru wengi. Ntarama na Nyamata sasa ni maeneo ya kumbukumbu. Huko Nyange, kanisa lilibomolewa kwa tingatinga tarehe 16 Aprili 1994, likiwa na Watutsi takribani 1,500 ndani yake. Padri wa parokia hiyo, Athanase Seromba, alitiwa hatiani na Mahakama ya Kimataifa ya Rwanda iliyokuwa Arusha, na mwaka 2008, katika rufaa, akahukumiwa kifungo cha maisha.

Kuyataja haya karibu na habari ya Bethel si kuyasawazisha. Waliokimbilia Nyange walikimbia kifo cha siku ileile. Makusudi ni kuonyesha kwamba jengo halina ulinzi ndani yake. Katika The Hague, kuta zilikuwa na nguvu kwa sababu mbili zilikutana: dola iliyokubali kufungwa na sheria yake, na waumini waliokuwa tayari kutolala. Katika Nyange, dola iligeuka muuaji na mchungaji akawa pamoja nayo. Inapokosekana sababu moja, hifadhi huyumba, kama ilivyokuwa Manchester. Zinapokosekana zote mbili, mahali patakatifu huwa mtego.

7. Maana kwa sera za ukanda

Mkataba wa Umoja wa Nchi Huru za Afrika wa mwaka 1969 kuhusu wakimbizi ulitamka kwamba kutoa hifadhi ni tendo la amani na la kibinadamu, na kwamba nchi yoyote isilichukulie kama uadui. Chini ya mwamvuli huo, jumuiya za kidini za ukanda huu zilifanya kazi na dola badala ya kuwekeana uzio. Shirika la Kikristo la kuwahudumia wakimbizi Tanganyika, lililoanzishwa mwaka 1964, lilishirikiana na serikali na Umoja wa Mataifa katika kujenga makazi kama Ulyankulu, Katumba na Mishamo. Ushirikiano huo una manufaa yaliyo wazi, lakini una udhaifu ambao Bethel inaufichua: mshirika wa serikali anapata taabu kusema “hapana” siku serikali inapokosea.

Mambo matatu yanafuata kwa washauri wa sera. La kwanza ni kwamba sheria za wakimbizi zihitaji njia ya kupitia upya kesi baada ya rufaa kushindwa, iliyo wazi na yenye vigezo vilivyoandikwa. Uholanzi ilipoondoa mamlaka ya waziri bila kuweka chombo huru mahali pake, iliondoa upendeleo pamoja na huruma. La pili ni kwamba jumuiya za kidini zitambuliwe kama mashahidi wanaoweza kuwasilisha maelezo kuhusu mtu wanayemfahamu. Ujerumani, ambako hifadhi ya makanisa imejulikana tangu mwaka 1983, ilifikia mwaka 2015 maafikiano ya namna hiyo kati ya makanisa na idara ya uhamiaji. La tatu, na zito zaidi, ni kwamba majadiliano juu ya waomba hifadhi walioko ndani ya nchi tajiri yasikubaliwe kulipiwa kwa nafasi za makazi mapya. Nchi zinazohifadhi wakimbizi wengi zina haki ya kulisema hilo katika vikao vya kimataifa, kwa kuwa zikinyamaza, watu wao ndio watakaolipa.

8. Hitimisho

Makala haya yamedai kwamba ibada ya Bethel ilikuwa tendo la ujasiri lililosomwa kwa jicho moja. Iliwaokoa watu watano, ikawafungulia njia mamia ya watoto, na ikathibitisha kwamba utii makini kwa sheria unaweza kuisimamisha amri isiyo na huruma. Wakati huohuo, ilimalizika kwa makubaliano yaliyowatoza wasiokuwepo. Jumuiya ya waumini itakayotoa hifadhi kesho, iwe Kigoma, Kampala au Rotterdam, itakuwa na sababu ya kuilinda familia iliyo mbele yake, na itakuwa pia na sababu ya kuyasoma makubaliano hadi kifungu cha mwisho kabla ya kuizima taa ya madhabahu.